Picha Niliyochora Darasa la Sita

Mwezi jana nilienda Murera kumwona dada yangu, nikapita pale shamba letu la kahawa lilipokuwa. Nasema letu, lakini lilikuwa la tajiri. Sisi tulikuwa wa kuchuma tu. Sasa ni ploti na mageti meusi. Kando ya barabara mtu amepanga visiki vya kahawa, anauza kuni. Nilisimama hapo nikinusa, kama mjinga.

Tulikaa laini, vyumba vya mstari mmoja, mabati ya kutu, choo kimoja cha watu wote. Shosho, bibi yangu, ndiye aliyenilea. Asubuhi uji uliochacha, jioni githeri ya mahindi na maharagwe, na redio ya jirani tukiisikiliza kupitia ukuta. Ndiyo iliyotuambia kwamba yule mzee wa Afrika Kusini, aliyepinga ubaguzi wa weupe akafungwa miaka mingi kuliko umri wa mwalimu wetu, ametoka jela. Shosho aliacha kuchambua maharagwe. Babu naye alifungwa na wakoloni, akarudi akikohoa mpaka akafa.

Kesho yake mwalimu wa darasa alituambia tumchore huyo mzee. Shida ni kwamba hakuna aliyejua sura yake; kule kwao walikuwa wamekataza picha zake. "Chora mtu aliyeteseka na hakuinama," mwalimu akasema. Mimi nikamchora babu na kofia yake. Jirani yangu wa dawati alicheka, "Huyo si ni soja wa geti?" Chini tukaandika maneno ya ubaoni: MZEE YUKO HURU, SASA NI ZAMU YETU. Mwalimu mkuu alipita, akaitia yangu tiki kwa kalamu nyekundu, akasema niipeleke nyumbani.

Shosho aliibandika juu ya kitanda kwa uji mzito. Jumamosi nyapara wa shamba akaja kukagua vyumba, kama kawaida yake. Siku hizo watu wa hapa kwetu walikuwa wanashikwa kwa kudai vyama vingi, na yeye alitafuta siasa hata chini ya sufuria.

"Mama, huyu ni nani?"

"Ni yule wa Afrika Kusini."

"Wa Afrika Kusini anavaa kofia ya wazee wetu wa Murang'a?"

Shosho akaona aseme ukweli wote. "Ni mume wangu."

"Kumbe ni wafungwa wawili kwa karatasi moja," nyapara akasema, akaibandua.

Jumatatu alinipeleka nayo shuleni. Neno moja tu, kwamba ni kazi ya darasa, lingetuokoa. Mwalimu mkuu aliitazama ile tiki yake nyekundu, akasema hajawahi kuiona hiyo picha. Mwalimu wa darasa alitazama viatu. Kufika jioni vitu vyetu vilikuwa nje. Tulihamia Witeithie, nikaanza kugonga kokoto na shosho, na shule ikaishia hapo.

Nyapara alikufa, na bado namsema. Watu huniambia, hata yule mzee aliwasamehe waliomfunga. Sawa. Lakini yeye waliomfunga walimfungulia mlango, dunia yote ikiona. Mimi nani alinifungulia?

Basi mwezi jana, kutoka Murera, sikurudi nyumbani. Nilienda Thika, kwa mwalimu mkuu. Amezeeka, anatembea kwa fimbo. Nikamuuliza kama anakumbuka picha ya mzee mwenye kofia. Nilijua atakana tena.

"Ningefutwa kazi, mama," akasema.

 Akamwita mjukuu alete chai.

Kahawa imeng'olewa, laini imebomolewa, shosho amelala makaburini, mwalimu wa darasa sijui aliko. Wa picha ile tulikuwa tumebaki sisi wawili kwenye viti vya plastiki. Aliniuliza watoto wangu wamesoma mpaka wapi. Nikamwambia wote wamemaliza, hata msichana. Akatikisa kichwa, macho yamemlowa, akanisukumia mkate.

Kumsamehe, bado. Lakini chai niliinywa yote.