Mapipa Aliyoyachora Ashatu

Mjini Bagamoyo, ukiona kibao cha saluni chenye mwanamke aliyesukwa nywele hata ukatamani kuzigusa, jua hapo amepita Ashatu. Ndiyo maana Kombo, mtoto wa mjomba wake waliyelelewa naye nyumba moja, alipoanzisha kikundi cha usafi wa ufukweni, hakuhangaika kutafuta mchoraji.

"Dada, watu hawasomi matangazo," alimwambia. "Wachoree kitu."

Ashatu akachora. Pipa la chupa za plastiki alilifanya samaki changu, kinywa wazi, macho yamemtoka kwa njaa. Pipa la maganda na mabaki ya chakula likawa mbuzi mwenye ndevu. Yalipowekwa soko la samaki, watoto wakawa wanagombania kumlisha changu. Wagumu walikuwa wakaanga samaki. Ashatu akaanza na Bi Adila, ambaye akishasema neno wenzake hawabishi.

"Shikamoo, Bi Adila."

"Marahaba. Umekuja kunifundisha kutupa taka?"

"Nimekuja kukuomba. Chupa zinasagwa, zinatengenezewa vitu vingine. Zikichanganyika na uchafu hazifai."

Bi Adila alicheka, lakini tangu siku hiyo akawa anasuuza chupa zake za mafuta kabla ya kumlisha changu, na ole wake atakayetia humo ganda la ndizi.

Mvua za masika zilipokwisha, Ashatu aliitwa Kerege kuchora ukuta wa duka. Akiwa juu ya ngazi, aliiona kirikuu, kigari cha kikundi cha kubebea taka, ikikata kona kuelekea vichakani. Akafurahi, akidhani leo ataiona ile mashine ya kusagia chupa aliyosimuliwa na Kombo. Akashuka, akaifuata. Aliikuta ukingoni mwa shimo, vijana wawili wakimwaga chupa, maganda na matumbo ya samaki, vyote pamoja, juu ya moto uliokuwa ukifuka moshi.

"Mbona mnachanganya?"

"Siku zote ndivyo, dada."

Ashatu alipomfuata nyumbani kwake, Kombo hakukana. Alimkaribisha chai kwanza, na hilo likamuuma zaidi.

"Mwenye mashine alijitoa hata hujamaliza kuchora," alisema. "Ningefanyaje? Wageni wanakuja kupiga picha mapipa, kikundi kimepata jina. Na soko ni safi, au siyo?"

"Ukaniacha nikawaombe watu?"

"Wewe wanakuamini."

Alilisema kama anayemsifu. Ashatu akaondoka, chai hajaigusa.

Kesho yake aliwaeleza wakaanga samaki kila kitu. Bi Adila alisikiliza huku akigeuza vibua kwenye karai.

"Huyo mmekula naye sahani moja," alisema. "Na wewe hukujua?"

"Wallahi sikujua."

Bi Adila aliokota chupa tupu iliyokuwa kando yake, akaitupa mchangani miguuni pa Ashatu, akaendelea kukaanga.

Mchana ule Ashatu alipiga rangi nyeupe juu ya changu mpaka asionekane hata jicho. Kombo alituma watu wamsihi, mwenyewe hakuja. Siku hizi wakikutana kwenye harusi ya ukoo, husalimiana kwa ajili ya wazee tu.

Pipa la mbuzi alilibakiza. Alimpata mfugaji wa kuchukua maganda, akamfuata hadi zizini, akasimama mpaka mbuzi walipoyamaliza. Ndipo akarudi kumwambia Bi Adila.

"Sawa," Bi Adila alisema, bila kuinua macho. "Na mimi nitakwenda kuona."

Hakumwomba amsindikize.