Migomba Niliyoionea Huruma

Baada ya kusoma shule ya usiku kama miaka mia hivi, nikaingia chuo kikuu kusomea teknolojia ya kilimo. Mwalimu wetu, Dakta Nekesa, akatuonyesha migomba midogo kama kidole, hai ndani ya chupa. Nusura nipige magoti!

Ila vifuniko vilikazwa sana. Sisi wa Kaloleni, tunaolala na jiko la makaa chumbani, hatufungi dirisha kabisa, utakufa. Wenzangu walipotoka, nikaifungulia yote ipumue.

Jumatatu migomba ilikuwa imeota manyoya meupe kama vifaranga. Hewa kidogo tu, jamani, imenawiri hivi!

“Nani amefungua?” Dakta akauliza.

Nikanyoosha mkono haraka, nikingoja sifa.

“Huo ni ukungu, bwana, ulioingia na hewa! Umeniulia kazi ya mwaka mzima!”

Mkono ukakataa kushuka.