Nilimuzibia Bibi Yangu Dirisha la Jikoni

Kosa ni langu, simusingizii mutu. Niliziba dirisha la jikoni kwa matofali, na bibi yangu, muke niliyemuoa, alikuwa anapika mule ndani kila siku.

Tunakaa mutaa wa Katoyi. Bibi yangu alikuwa anauzisha mandazi mbele ya parsele, kiwanja chetu, watu wanatoka mpaka mutaa wa Keshero kuyafuata. Mwaka ule nilikuwa nimepaka nyumba rangi nyeupe, mara ya kwanza maishani mwangu. Moshi ya mafuta ikawa inatokea kwa lile dirisha na kuchafua ukuta. Nikakasirika, nikaleta fundi, akaziba. Bibi yangu aliuliza tu moshi itapita wapi. Nikamujibu kwamba mulango uko.

Mvua ikinyesha, mulango nao unafungwa.

Kavira, mutoto wa dada ya bibi yangu, alitoka Butembo kuja kusoma udaktari, akakaa kwetu. Siku moja aliingia jikoni, akatoka na machozi. Mafuta yalikuwa meusi. Tulikuwa tunakaangia yale yale wiki nzima, kwa sababu mimi nilikuwa nakataza yamwagwe.

"Papa," akaniambia, "mafuta yakiungua yanatoa sumu inaitwa akroleini. Ndiyo inawasha macho. Watafiti wameona inaumiza mapafu. Fungua dirisha."

Nilimucheka. Nikamwambia mama yangu alipika maisha yake yote bila kitabu.

Bibi yangu akaanza kukohoa. Halafu pumzi ikapunguka. Kutoka jikoni mpaka barabarani, bibi yangu alikuwa anasimama mara mbili. Na mimi, Mungu anisamehe, nikaamua ni kifua kikuu. Nikatenga sahani yake na kikombe chake. Nikahamia kulala saloni, pale tunapopokea wageni. Neema, mutoto wetu wa miaka tisa, nikamukataza kukaribia mama yake.

Miezi miwili! Alikula peke yake miezi miwili, na hakulalamika.

Mwishowe tukaenda hospitali. Vipimo vikarudi: kifua kikuu hakuna. Dokta aliangalia picha ya mapafu muda mrefu, akauliza anapikia wapi.

"Ndani, dokta," bibi yangu akasema. "Inje kuna baridi."

Alinilinda, dirisha hakulitaja. Hata pale alikuwa bado ananilinda.

Dokta alituambia hawezi kuapa kwamba ni moshi tu, lakini moshi ile ndiyo anashuku kuliko yote. Mapafu yenye makovu vile hayarudi kama zamani.

Tulipofika nyumbani nilimuletea chakula, nikakaa kula naye kwa sahani moja. Akaniangalia.

"Papa Neema, sasa hauniogopi tena?"

Hakukuwa na hasira kwa sauti yake. Afazali ingekuwako.

Tulimuzika kabla ya Noeli. Neema ameniuliza kwa nini nilimukataza kumukumbatia mama yake. Nimemwambia nilikosea. Aliingia chumbani, akafunga mulango.

Ninyi wanaume wenye wake wanaopika ndani, sikilizeni mutu aliyechelewa. Mafuta yakiwa meusi, mwageni. Muke akikohoa, mupelekeni apimwe, musijifanye madaktari. Na ingieni jikoni leo. Kaeni mule naye, mulango umefungwa, mpaka andazi la mwisho liive. Macho yakianza kuwasha, mutajua yeye anavuta nini kila siku.