Kiroba cha Mchanga

Jamani, hii ni haki ya wapi?

Leo vijana wa bodaboda hapa Gungu wameshindana, pikipiki za Mchina na za Mhindi. Zawadi ni tairi jipya.

Mume wangu, Baba Neema, anaendesha ya Mchina. Tairi lake la nyuma limeisha kabisa, na ndilo linalonipeleka kliniki na mtoto.

Mwenyekiti wa kijiwe akamwambia, "Wewe ulishinda mara iliyopita. Beba kiroba cha mchanga, tuwe sawa."

Akabeba. Kapitwa mwishoni kabisa! Na nani? Mwenyekiti mwenyewe, na pikipiki yake ya Mhindi.

Nikamwambia, "Hongera shemeji. Mara ijayo kiroba ni chako."

Eti, "Hiyo sheria tumeshaifuta."

Lini??

Sawa. Kiroba kiko uvunguni mwa kitanda changu. Mwambieni namtunzia.