Siku ya Sherehe ya Chama Nilikatazwa Kumlilia Mama

Jina langu msiliandike, wala msitaje mtaa ninaokaa. Uvira ni mji mdogo, watu watanijua hata kwa nusu ya neno. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, nimeolewa, nina watoto wanne. Nilizaliwa kijijini Mutarule, ndoa ndiyo iliyonileta mjini. Nilisoma kidogo kwa masista, ndiyo maana ninaandika kwa mkono wangu.

Hapa tuna chama cha akina mama, Wakristo na Waislamu pamoja. Kazi yetu ni misiba. Mwanachama akifiwa, tunampikia, tunamtekea maji, tunalala naye chini mpaka matanga yaishe. Presidenti wetu nitamwita Mama Safi, lakini si jina lake. Nilipofika Uvira bila kujua mtu, yeye ndiye aliyenifundisha kuuza vitenge sokoni. Mtoto wangu wa pili alizaliwa mikononi mwake. Nilimpenda kama dada wa tumbo moja.

Mwaka jana tulichoka kuazima sufuria na mikeka kila mtu anapokufa. Tukakubaliana kufanya sherehe kubwa, watu walipe mlangoni, tupate vyombo vyetu wenyewe. Komite ikanipa mimi kazi ya kupanga. Niliomba ruhusa teritware, ofisi ya serikali. Nilitafuta wapiga gitaa wa Usumbura na kamyo ya kuwaleta. Nilimbembeleza mfanyabiashara mmoja Mwislamu atupe uwanja wake, nikamwahidi kwamba pombe haitavuka kizingiti, itauzwa ng'ambo ya barabara. Mikeke, samaki wa ziwa letu, ya kuchoma niliiagiza mapema kwa wavuvi. Wanachama wote tulishona kitenge cha namna moja.

Wiki ya mwisho nikasikia mama yangu anaumwa kule Mutarule, kwa kaka yangu. Nikamwambia Mama Safi nataka kwenda kumuona.

"Sasa hivi?" akasema. "Nani atashika hii kazi? Malizia sherehe kwanza. Jumatatu utaenda, utamubebea nyama."

Nikabaki.

Jumapili mchana uwanja umejaa, magitaa yanalia, jirani wa kaka yangu akafika na baiskeli, amejaa vumbi mpaka kwenye nyusi. Aliniita pembeni, karibu na mafiga.

"Dada, mama ametuacha asubuhi. Kaka yako anasema ukuje. Iko anakungoja weye ndipo tuzike."

Nikamwomba anisubiri. Nikamvuta Mama Safi ndani ya stoo ya mchele, nikamwambia. Kabla sauti haijanitoka vizuri, akaniziba mdomo na kiganja.

"Usilie. Weye ukilia sasa, bamama bote batalia. Ngoma itasimama, bageni batarudia kwabo, na kazi yako yote itapotea. Ngoja jioni tu. Kamyo ya bapiga gitaa itakufikisha Mutarule, minye mwenyewe nitapanda na weye."

Nilimwamini. Nilinawa uso, nikamwambia yule jirani atangulie, nitakuja jioni na kamyo. Nikatoka na sinia la wali. Niliwatumikia wageni, nikawaambia karibuni. Kisha wenzangu, ambao hawakujua kitu, wakanivuta katikati ya duara kunishukuru kwa kazi niliyofanya. Wakanipigia vigelegele. Nikacheza. Yule jirani alikuwa bado mlangoni anafunga mzigo wake kwenye baiskeli. Alinitazama, akapanda, akaenda.

Jioni kamyo ikawachukua wapiga gitaa, ikashika njia ya Usumbura bila mimi. Dereva alisema hakuna aliyemwambia habari ya Mutarule. Mama Safi alikuwa anaaga wakubwa, hata hakugeuka.

Nilifika Mutarule kesho yake, jua liko juu, nimepanda kamyo ya pamba. Kaburi lilikuwa limekwisha kufunikwa. Jirani alikuwa amesema alichokiona: "Nimemuacha anacheza." Kaka yangu akawaambia watu wazike, wasimngoje mcheza ngoma.

Siku ya tatu chama kikaja na sufuria mpya, mikeka mipya, wote katika kile kitenge. Kaka akasimama mbele yao.

"Bamama, ninauliza. Ni nani alimuzuia dada yangu?"

Nikamtazama Mama Safi. Nilingoja aseme neno moja tu. Akainamisha kichwa, akafuta machozi, akasema, "Baba, sisi hatukujua. Hakutuambia kitu."

Neno lake nikaliacha lipite. Ningesema, nani angeniamini? Stooni tulikuwa wawili tu.

Tangu siku ile kaka hapokei salamu zangu. Siku ya kuondoa matanga sikuitwa. Sokoni Uvira nasikia wanawake wakinong'ona, "Ni yule aliyecheza." Mume wangu peke yake ndiye anayejua, naye anasema ninyamaze, nisilete vita.

Na sasa chama kinataka sherehe nyingine, ya kujenga nyumba ya mikutano. Komite imenichagua tena. Mama Safi amekuja kwangu, akakaa kitandani kwangu kama zamani.

"Yale yameisha, dada," akasema. "Ukiyafungua, chama kitavunjika. Bajane benye hawana bandugu, nani atabazika?"

Hapo ndipo ananiumiza, maana anasema kweli. Nimeona kwa macho yangu vikongwe wasio na mtu tuliowaosha na kuwazika kwa heshima. Wanawake wale hawakunikosea. Lakini mimi nina kaka mmoja tu duniani, na anaamini nilifurahia kifo cha mama yetu.

Nyinyi mnaosoma ukurasa huu, wenye mama na msio na mama, nipeni neno. Mkutano ni Jumapili hii. Watanisimamisha mbele ya wote niseme kama ninakubali. Nikishasimama, niseme nini?