Nakala Sita za Ziwa Jipe

Mtu aliyenivunjia uchumba wangu alikuwa karani katika ghala moja la kahawa pale Moshi, na alinivunjia kwa picha. Mimi wakati huo nilikuwa na miaka kumi na tisa, nafanya kazi katika chumba cha giza cha mjomba wangu, aliyekuwa na studio ndogo karibu na soko. Mjomba alipiga picha mbele, mimi nilizisafisha nyuma, mlango umefungwa, taa nyekundu imewashwa. Wateja wengi hawakujua kama picha zao zinapita mikononi mwa msichana. Karani alijua.

Yalianza siku ya mwaka mpya, kwenye joto lile la Januari ambalo Moshi mjini hakukaliki. Majirani wa mtaa wetu, Waislamu na Wakristo pamoja, walikodi lori kwenda kutembea Ziwa Jipe. Tulipanda na masufuria ya pilau, mikungu ya ndizi mbivu na mbuzi mmoja aliyelia hadi Himo. Karani alikaa mbele na dereva. Alikuwa kijana wa Kirua Vunjo, mtanashati, amevaa kofia ya jua, na shingoni ananing'iniza kamera ya kisanduku. Juu ya lori alikuwa amepakia furushi refu la turubai. Kumbe ilikuwa mashua. Mzungu, bosi wake wa ghala, alikuwa amekwenda likizo kwao akaiacha stoo, naye karani akajipa ruhusa.

Kule ziwani aliiunganisha mbele yetu, fito kwa fito, mpaka ikawa mtumbwi mwembamba uliochongoka pande zote mbili, na kasia lake lina mabapa huku na huku. Wavuvi wa pale walioegesha mitumbwi yao ya magogo kwenye matete walikuja kuutazama, wakatikisa vichwa. Mmoja akasema, "Hii ni mashua ya mtu mwenye roho mbili."

Vijana wakaupanda kwa zamu. Tulishangilia. Siwezi kusema uongo, ile asubuhi ilikuwa nzuri. Milima ya Upare ilikuwa karibu kiasi cha kuhesabu miti yake, na upande wa pili kilele cha Kibo kimejifunua chote, cheupe, hakina wingu. Karani akawa anapiga picha kila mtu. Mwishowe akaniita.

"Dada wa studio, njoo na wewe. Au unaogopa?"

Nilipanda. Nilikuwa na gauni jepesi, khanga kiunoni na nyingine kichwani. Maji pale yalikuwa ya kifuani tu. Karani aliingia majini mpaka kiunoni, kamera mkono mmoja, mkono mwingine ameshika ncha ya mtumbwi.

"Tazama huku," akasema.

Nikamtazama. Akausukuma ule mtumbwi kwa ubavu.

Nilipoibuka khanga zote mbili zilikuwa zinaelea kuelekea kwenye matete, nywele zimefumuka, gauni limenata mwilini kama ngozi. Nilikuwa nakohoa maji na kulia. Watu walicheka kwanza kabla ya kujua wacheke nini. Yeye hakunipa mkono. Alisogea hatua moja nyuma ili nienee kwenye kioo cha kamera, akapiga.

Njiani kurudi nilimfuata lori liliposimama.

"Kaka, ile picha usiisafishe. Nakuomba."

"Aa, dada, mzaha tu ule. Nitaiacha, wala usiwe na wasiwasi."

Filamu ile hakuileta kwa mjomba. Aliipeleka Arusha. Hilo ndilo sikumsamehe kuliko lile la kunisukuma, kwa sababu mtu anayepanda basi hadi Arusha kukwepa chumba changu alijua vizuri anachofanya.

Alitoa nakala sita. Akazigawa kwa rafiki zake.

Baba yangu alikuwa fundi wa cherehani, ana meza yake barazani kwa duka la Mhindi. Siku moja dereva mmoja alikuja kupimwa kanzu, akatoa karatasi zake mfukoni azishike mkononi, na picha ikadondoka miguuni kwa baba. Baba akaiokota. Alimrudishia mwenyewe, akaendelea kumpima mabega. Jioni hakula. Mama ndiye aliyeniambia.

Nilikuwa nimechumbiwa na kijana mfanyabiashara aliyepeleka nguo Tarakea na kurudi na maharage na mahindi. Wiki tatu baadaye shangazi yake akaja, akanywa chai yetu, akasema, "Mambo ya kijana wetu yameingia ukungu kidogo. Tusiwacheleweshe." Nakala mbili zilikuwa zimefika kwao. Baba akaacha kwenda msikitini. Alikuwa mtu wa safu ya kwanza, sasa akawa anaswali chumbani, mlango umefungwa.

Mimi niliendelea na kazi. Nilikuwa na subira ya mtu aliyezoea kukaa gizani akingoja picha itokee yenyewe kwenye dawa.

Miaka miwili ikapita. Karani akaoa kwao Kirua, harusi ya kanisani, shela jeupe, ngoma mpaka asubuhi. Wiki iliyofuata alikuja studio na filamu nne. Yule fundi wa Arusha alikuwa amehama. Alinikuta nimetoka nje kupata hewa.

"Dada, za siku nyingi?"

"Nzuri."

"Hizi ni za harusi yangu. Nimezipiga mwenyewe, nyingine nikawapa wenzangu wanipigie. Zitunze."

Alikuwa amesahau. Niliutazama uso wake vizuri nikaona hajifanyi, amesahau kweli. Laiti angeona haya kidogo, labda mkono wangu ungesita.

Nilisafisha filamu ya kwanza kama kawaida. Picha ya mwanzo ilikuwa ya mama mzee, amekaa kwenye kigoda katikati ya migomba ya kihamba chao, shamba la ukoo, kitambaa kichwani, mikono magotini. Nilimtambua kwa pua, ile ile ya mwanawe karani. Nikakikata kipande kile, nikakianika, nikakifunga kwenye karatasi. Si kwa huruma. Adui akikosa kila kitu hana tena cha kuja kukuomba.

Iliyobaki ya filamu ile niliichana. Kisha nikachukua zile tatu ambazo hazijasafishwa, nikatoka nazo uani saa sita mchana, jua limesimama utosini. Nikazichomoa moja moja kama mtu anayetoa utumbo wa kuku. Nilizishika juani mpaka mikono ikachoka. Halafu nikazirudisha ndani nikazisafisha kwa uangalifu wote, zikatoka nyeusi tii, kama zilivyostahili.

Mjomba akamwambia, "Kamera yako inavuja, bwana. Mwanga umeingia." Mjomba aliamini hivyo. Nilikuwa nyuma ya pazia nikasikia viatu vya yule mtu vikitoka. Nilifurahi. Usiku ule nilikula sahani mbili.

Miezi minne baadaye mama yake akafariki. Karani akarudi, nguo imemlegea mwilini.

"Mzee," akamwambia mjomba, "hakuna hata moja iliyopona? Mama yangu hakuwahi kupigwa picha nyingine. Hata kivuli chake tu."

Nilifungua pazia mwenyewe.

"Ipo moja," nikasema. "Ya mama yako. Ninayo."

Mjomba akanigeukia. Karani akashika meza.

"Nipe, dada."

"Mimi nataka zangu kwanza. Zile sita za Jipe, na filamu yake. Utakwenda nyumba kwa nyumba kuzichukua, na kila nyumba utasema kwamba ulinisukuma wewe kwa mkono wako. Ya mwisho utasema kwa baba yangu. Ukimaliza, njoo."

Alinitazama, na hapo ndipo nilipoona amekumbuka. Hakubisha. Mjomba alingoja yule aondoke.

"Kwa hiyo kamera yake haikuvuja."

"Haikuvuja, mjomba."

"Ukimaliza jambo hili, ufunguo wa chumba kile uniachie." Niliuacha kweli jambo lilipoisha, na sijawahi kusafisha picha tena.

Karani alileta filamu kwanza, kisha nakala moja moja. Ya yule dereva wa kanzu ilikuwa imebanduliwa ukutani, nyuma ina gundi ya ugali. Nyingine ilitoka Himo, imekunjwa mara nne. Ile ya kwa shangazi wa mchumba wangu aliipata baada ya kusimamishwa mlangoni na kutukanwa mbele ya wapita njia, na habari hiyo ilinifikia kabla yake. Kila alipoweka nakala mezani nilimwuliza, "Umesema?" Akajibu, "Nimesema." Nami nilikuwa nimeshauliza kwa wengine, kwa hiyo nilijua hadanganyi.

Ya sita ilikuwa kwa aliyekuwa mchumba wangu, na huyo alikataa kuitoa. Karani alimfuata Tarakea kwenye biashara zake mara mbili akarudi mikono mitupu. Alikaribia kulia.

"Hataki, dada. Nifanyeje?"

"Sijui. Mimi nilipokuomba kwenye lori nilifanyaje?"

Wiki moja baadaye yule mchumba alikuja mwenyewe. Alikuwa ameshaoa. Alisimama mlangoni na bahasha.

"Nilitaka niilete kwa mkono wangu."

"Umeileta."

"Sikuwa naicheka. Nilikuwa naitazama tu."

"Uliitazama picha, mimi ukaacha kunitazama. Nenda salama."

Ikabaki kwa baba. Karani alifika barazani asubuhi watu wakiwapo, akavua kofia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," baba akasema, mguu unaendelea kukanyaga cherehani.

Karani akaeleza yote akiwa amesimama. Baba hakuinua macho mpaka alipomaliza mshono, akakata uzi kwa meno.

"Watu wa barazani hawa wamekusikia," akasema. "Ijumaa usimame nje ya msikiti, uwaambie na wale wengine."

Alisimama, Mkristo wa watu, juani, akaeleza. Ijumaa hiyo baba alikuwa safu ya kwanza.

Ahadi yangu niliitimiza. Nilimtolea karani picha ya mama yake, nzuri, kubwa kama daftari. Lakini picha isipokaa kwenye dawa ya mwisho muda wake wote, na isipooshwa sawasawa, haidumu. Ile niliitoa haraka, nikaichovya tu majini. Alipoipokea kwa mikono miwili akasema, "Ahsante, dada. Mungu akubariki." Nikaitikia, amina. Kipande cha filamu nilibaki nacho, naye kwa furaha yake hakukiuliza. Mwaka wa pili nikasikia kwamba uso wa mama yake umekuwa wa kahawia, na wa tatu kwamba hauonekani tena.

Hilo sijalijutia, nami ni mtu mzima sasa, nina wajukuu.

Baadaye nilipokuwa nimeolewa na kuhamia mtaa wa Pasua, mke wa karani alikuja. Sikuwa nimewahi kumwona karibu. Alikuwa mwanamke mpole, amefunga mtoto mgongoni. Nilimkaribisha mkekani. Hakuzunguka.

"Picha za harusi yangu, uliziharibu wewe?"

"Ndiyo."

Akamtikisa mtoto mgongoni.

"Mimi nilikukosea nini?"

Nilikuwa na majibu ya watu wote isipokuwa yake. Nikamwambia, "Hukunikosea." Nikaingia ndani, nikafungua sanduku, nikamletea kile kipande cha filamu, nikamweleza kwamba ndani yake mkwewe yupo mzima, fundi yeyote atamtoa.

Alikiinua kwenye mwanga wa mlango akakitazama muda mrefu. Kisha akakiweka juu ya mkeka kati yetu.

"Huyu ni mama yake," akasema. "Mimi nimekuja kuulizia picha zangu mwenyewe."

Chai nilikuwa nimeshaibandika. Hakuingoja. Aliinuka, akamkaza mtoto mgongoni, akashika njia ya stendi.