Shemizi Nne za Kamioneti

Nimechoka kuchekwa, basi niliseme mwenyewe.

Kamioneti, gari dogo la mizigo la marehemu mume wangu, Ilunga, ililala uani miaka mingi mpaka kuku wakataga ndani yake. Mwaka huu mahindi yangu yanangoja shambani Kapolowe na mvua iko karibu, nikampa fundi Kasongo aifufue. Baada ya majuma mawili akaniambia, "Mama, shemizi zimekwisha. Bila shemizi ine mupya, miye siwezi kuendelea."

Shule niliiacha mapema. Shemizi ninayoijua ni shati la kuvaa. Nikawaza, Kasongo ana mwili mmoja, nne za nini? Lakini mvua haingoji. Sandukuni nilikuwa na shemizi nne za Ilunga, ambazo sikutaka kumpa mtu. Nikazipiga pasi huku nikinung'unika, nikazibeba kichwani hadi gereji pale Panda.

Kasongo akazitazama. "Mama, hizi za nani?"

"Zako. Vaa, umalize kazi."

Akanipeleka polepole kwenye moteri iliyofunguliwa, akanionyesha matundu manne. "Shemizi ni hii bomba ya chuma, Mama. Pistoni inapita ndani yake."

Wenzake, Banza na Mutombo, wakaacha kugonga. Mutombo akachukua ile nyeupe ya harusi yetu, akaipima juu ya moteri.

"Inamutosha," akasema. "Lakini karavati ya shingoni usimuletee, Mama. Serikali imekataza hizo tai za Kizungu, watamufunga mu gereza ya Buluo."